Shibiri Moja Juu ya Chale

Ukimkuta Vedasto mwezi Machi huu, Burnsville, anashuka ngazi za fletini kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, utadhani ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, kumbe anakwenda. Amechoka. Wala si uchovu wa kukosa usingizi, maana usingizi anaupata, tena anakoroma, muulize mkewe. Ni uchovu wa mtu anayejua jambo na hajalisema.

Kazi yake ukiwaeleza watu wa kwao wanacheka. Anachora madimbwi. Ndiyo, madimbwi. Huku Minnesota ukijenga duka kubwa, ukamwaga lami uwanja mzima wa kuegesha magari, unatakiwa uchimbe na bwawa pembeni la kupokea mvua, la sivyo maji yatawaingilia majirani sebuleni. Sasa mtu wa kukaa chini akapiga hesabu bwawa liwe na kina gani na kingo zake ziinuke kiasi gani, ndiye Vedasto, mhandisi wa maji, ofisi ya Eagan, mwaka wa kumi na saba huu. Mkewe Victoria, muuguzi, Mhaya asiyejua kumung'unya maneno, humtania mbele ya wageni: "Mwenzenu alivuka bahari kuja kusomea vidimbwi."

Lakini bwawa lililomkondesha si la Eagan. Liko kwao, kijiji cha pwani, mwendo wa saa moja hivi kutoka Mtwara mjini. Baba yake alichimba mabwawa manne nyuma ya mikoko, akafuga mwatiko, samaki yule mweupe mwenye miiba mingi na nyama tamu. Maji ya bahari yanaingia kwa mlango wa mbao, yanatoka kwa mlango huo huo, na tuta la udongo linayazunguka mabwawa yote. Tuta likisimama, unavuna. Likikatika, samaki wanarudi kwa mwenyewe aliyewaumba, na wewe unabaki unatazama matope.

Mwaka ule wa kwanza, bamvua kubwa ya Machi, yale maji yanayojaa kupita yote, ilipofika ukomo wake, mzee aliingia majini mpaka mapajani, akakata alama kwa panga kwenye nguzo ya mlango, pale pale maji yalipogusa. Vedasto, kijana wa sekondari, ndiye aliyeishika nguzo isitikisike. Mzee aliiita chale. "Hapa ndipo bahari inapokoma," alisema, na kwa miaka mingi bahari ilimsikiliza. Mzee akafa, chale ikabaki. Pale kijijini mtu akitaka kujua tuta liinuke kiasi gani, hapimi kwa futi, anatazama chale.

Mabwawa akayashika dada mkubwa, Dafrosa, yeye na wanawake kumi majirani zake. Na hao wana utaratibu wao, msiwachezee. Siku ya maji makubwa mlango wa bwawa hufungwa na mwanamke mmoja tu, peke yake, ili jambo likiharibika mikono ijulikane. Samaki wakiondoka kwa mlango wako, hutukanwi, hupigwi, hudaiwi kitu. Unatolewa mkekani. Wenzako wakikaa kikao, wewe unakaa nje ya mkeka, chini, kwenye mchanga, na mkono wako hauingii tena bwawani mpaka watakapokuita. Wengine wameitwa baada ya mwezi. Wako ambao hawakuitwa kabisa.

Ufugaji wenyewe siku hizi umekuwa mateso. Zamani ukitega kimia kwenye mikondo ya mikoko asubuhi moja, vifaranga vya mwatiko unapata vya kujaza bwawa. Sasa wanawake wanazunguka wiki nzima na ndoo zinarudi robo. Mwaka juzi jua la Februari lilichemsha maji mpaka samaki wakaelea matumbo juu. Halafu kikaja kimbunga, kwenye pwani ambayo wazee wake walikuwa wakisikia vimbunga redioni tu, kikayalamba matuta. Ndipo Dafrosa akamtumia mdogo wake ujumbe wa sauti: wanajenga upya, wainue tuta kiasi gani?

Vedasto akamjibu siku ile ile. "Fuateni chale ya baba, dada, halafu ongezeni shibiri moja. Yatosha." Akajisikia vizuri, maana katika maisha yake yote ya uhandisi hakuna jibu lililomtoka haraka na kwa raha kama hilo.

Wakajenga. Miaka miwili ikapita. Mwezi huu, Jumatano, siku ya bamvua, Vedasto akiwa anapaka siagi mkate, simu ikalia kwa ujumbe wa Dafrosa. Ulikuwa mfupi.

"Veda, samaki wameondoka. Mabwawa matatu, limebaki lile la juu. Mimi ndiye nilikuwa mlangoni. Ubao wa chini sikuukaza. Usiwe na wasiwasi, sisi wazima."

Samaki walikuwa wamebakiza wiki tatu wavunwe. Vedasto alipiga simu, akampa pole, akamwambia ajali haina kinga, akaenda kazini. Kusema kweli alimkasirikia kidogo dada yake. Ubao, jamani. Ubao tu wa kukaza.

Siku ya pili yake, ofisini, akampitia kazi Njeri, binti wa Kikenya anayeanza anza uhandisi. Njeri alikuwa amechora bwawa la mvua la duka la viatu, mchoro msafi, rangi zake nzuri. Vedasto akaliangalia jedwali la mvua pembeni, akavua miwani.

"Jedwali hili umelitoa wapi?"

"Kwa ile file ya zamani," Njeri akasema. "Si mvua ni mvua, Vedasto? Nili-copy tu, deadline ilikuwa imenikalia."

"Hili ni la miaka ya sitini. Mvua ya siku hizi siyo hiyo, ilishahama. Ukichora kwa hili, mwaka mmoja tu watu wataogelea kati ya viatu." Akaendelea, maana alikuwa na kawaida ya kuhubiri kidogo: "Usiamini alama uliyoachiwa na mtu, hata awe nani. Kapime mwenyewe."

"Sawa, boss. Nita-change. Usikasirike."

Akarudi kwenye meza yake, akafungua chakula chake, wali na maharage ya jana, akafungua na simu. Mjukuu wa Bi Somoe, bibi mkubwa wa kile kikundi, alikuwa ametuma picha tano. Vedasto akazitazama akiwa anatafuna. Kwenye ya tatu akaacha kutafuna.

Tuta lilikuwa limekatika, lakini si mlangoni. Lilikatika hatua thelathini kutoka mlangoni. Juu yake, pale lilipobaki zima, mwani na vijiti na chupa za plastiki vilikuwa vimelala mstari mmoja, vimeachwa na maji. Nyasi za juu ya tuta zote zimeinamia ndani, upande wa bwawa. Na nguzo ya baba ilikuwa na tope mbichi mpaka juu kabisa, na chale ilikuwa chini huko, imezama ndani ya tope, shibiri nzima na kidole zaidi. Hakuhitaji hesabu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyasoma. Maji hayakupita mlangoni. Yalipita juu ya tuta, yakalila kutoka ndani. Ubao ungekazwa, usingekazwa, samaki wangeondoka tu.

Akafunga kibakuli chake, wali nusu, akatoka nje akaingia kwenye gari.

Hapa lazima nikwambie tabia moja ya Vedasto, na asinikasirikie, maana si yake peke yake. Watu wa kule nyumbani wanatuma jumbe ndefu. Mtu anaanza na salamu, anakuja kwenye mvua, anapita kwenye msiba wa jirani, ndipo afike kwenye jambo. Mtu wa huku anazisikiliza garini, na simu ina kitufe cha kuharakisha sauti. Basi Vedasto alikuwa na miaka sasa anamsikiliza dada yake kwa kasi ya mara mbili, kwenye barabara kuu namba thelathini na tano, jicho moja kwenye kioo, huku dada anapiga kelele kama kifaranga. Akisikia sauti imekoma, anabonyeza, anajibu: "Sawa dada."

Sasa, pale kwenye uwanja wa magari, theluji chafu imerundikwa pembeni na kuchuruzika, akarudi nyuma miaka miwili kwenye simu yake, mpaka siku ile ya shibiri. Chini ya jibu lake kulikuwa na ujumbe mwingine wa Dafrosa, dakika nne. Akaondoa kasi. Akausikiliza kama ulivyosemwa.

Alikuwa amesahau dada yake anavyozungumza polepole. Anavuta pumzi kati ya maneno. Anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa. Salamu, mvua, msiba. Kisha: "Sasa, mdogo wangu, hilo la chale tulitazame tena. Mwaka jana maji yameipita chale mara mbili, Machi na Oktoba. Mara ya pili yalinifika hapa kwenye nyonga, na nilisimama pale pale aliposimama baba. Bi Somoe naye kaona. Mimi sikusoma, lakini naona shibiri haitoshi. Wewe pima huko kwa akili zako, utuambie. Tutafanya utakalosema."

Na chini yake, jibu la Vedasto, sekunde tatu: "Sawa dada, fanyeni hivyo hivyo."

Aliurudia ule ujumbe mara tatu. Alipomaliza, chakula cha mchana kilikuwa kimepita, na akapanda ngazi za ofisi kwa kushika chuma kama mgonjwa.

Jioni ujumbe mwingine ukaja. Kikao cha wanawake ni Jumamosi ya wiki inayofuata, alisema Dafrosa, na yeye hangoji kutolewa, atatoka mwenyewe. Na akishatoka hana cha kukaa anatazama bwawa la baba yake kwa mbali. Atakwenda Masasi kwa mwanawe Felician, akalee wajukuu. "Huko hakuna bahari," alisema. "Nitapumzika." Aliusema kama mtu anayeongea juu ya safari ya hospitali.

Vedasto akamweleza Victoria yote, akiwa amesimama jikoni na koti halijavuliwa. Victoria akazima jiko.

"Basi mwambie."

"Nikimwambia, nimekwisha pale."

"Umekwisha vipi?"

"Victoria, nina miaka ishirini na mbili huku. Pale kijijini sina nyumba, sina shamba, sina hata mnazi. Nilichonacho ni neno langu. Mtu akikwama wanasema, kamuulizeni Vedasto. Hapo ndipo ninapoishi pale. Nikitoa hilo, nimebaki na nini?"

Victoria akavuta kiti, akaketi. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, miguu imemvimba, hakuwa na nguvu za kubembeleza mtu mzima. "Kwa hiyo dada yako akae nje ya mkeka, ili neno lako likae ndani."

Vedasto akavua koti, akaosha vyombo, hata visafi.

Siku tisa zikapita hivyo. Binti yao aliuliza kwa Kiingereza kama baba anaumwa. Kanisani St. Paul, kwenye misa ya Kiswahili, aliimba besi yake bila kusikia anachoimba. Ofisini alikuwa akisimama dirishani anatazama bwawa alilolichora mwenyewe, mabata bukini yamerudi mapema kwa sababu baridi ya mwaka huu haikuwa na msimamo, ikaja ikaondoka, barafu haikubeba hata mtoto. Alijua kingo za bwawa lile kwa inchi. Mara mbili alianza kumrekodia Dafrosa ujumbe, mara mbili akaufuta. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema wahenga, lakini hawakusema kwamba inaweza kumpiga mtu wa nyumbani. Hilo Vedasto aliligundua mwenyewe, na lilimuuma.

Jumamosi ilipofika aliamka mapema, akamwambia Victoria anakwenda ofisini. Hakuna anayekwenda ofisini Jumamosi, na Victoria alilijua hilo, akamkabidhi chai tu. Saa moja asubuhi alikuwa ameegesha mbele ya bwawa lake la Eagan, injini inanguruma kwa ajili ya joto. Kwao ilikuwa saa tisa alasiri. Akapiga simu ya Bi Somoe, si ya Dafrosa.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Umepiga saa ya kikao. Tumeshakaa."

"Ndiyo maana nimepiga. Dada yupo?"

"Yupo. Kakaa mchangani, na hatujamtoa bado. Tunamwambia panda, hataki."

"Naomba uweke sauti kubwa, Bi. Kila mtu asikie, na yeye asikie."

Akasikia mlio wa kitufe, akasikia kuku, akasikia mtu anakohoa, na akamjua anayekohoa. Akasema. Hakutumia maneno ya kitaalamu hata moja. Alisema maji hayakupita mlangoni, yalipita juu ya tuta, picha zinaonyesha na yeyote aende akatazame zile nyasi zimelalia wapi. Alisema shibiri ilikuwa yake yeye. Alisema dada aliwahi kumwambia kwamba bahari imeipita chale, alimwambia vizuri na kwa adabu, na yeye hakusikiliza, alikuwa anaendesha gari, akajibu tu ili ujumbe uishe. "Kwa hiyo aliyewapotezea samaki ni mimi," alisema. "Dada yangu mlango aliufunga."

Mwanamke mmoja akasema, "Loo." Mwingine akasema nyasi kweli aliziona, akadhani ni upepo. Kisha kukawa na mikwaruzo, simu inachukuliwa, hatua kwenye mchanga, na sauti za wanawake zikabaki nyuma.

"Veda," alisema Dafrosa.

"Naam, dada."

"Mimi nilijua."

Vedasto akazima injini, akidhani hakusikia sawasawa.

"Asubuhi ile ile," alisema Dafrosa, na pumzi zake kati ya maneno, na Vedasto akazisubiri zote. "Ubao niliukaza mwenyewe, nikaugonga na jiwe. Nikaona maji yanapanda juu ya tuta, nikasimama pale, kuna la kufanya? Mtu hazuii bahari kwa kanga. Nilijua ni shibiri."

"Sasa mbona ulisema ni wewe?"

"Mimi hawa watanisamehe. Kama si mwaka huu, mwakani. Tunateka maji kisima kimoja, tunazikana. Tutagombana na tutapatana. Wewe wangekusamehe vipi, mdogo wangu, mtu wa simu? Wangeacha kukupigia tu. Na wewe usingejua hata siku walipoacha."

Vedasto aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea hesabu zake namna ile.

"Usilie kwenye simu, baridi itakuingia," Dafrosa akasema. "Sikiliza. Wanaita. Bi Somoe anauliza, lile bwawa la juu lililobaki, tuta tuliinue kiasi gani sasa?"

Vedasto akainua kichwa, akatazama bwawa mbele yake, na mabata, na kingo alizozijua kwa inchi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kujibu.

"Sijui, dada."

"Hujui?"

"Sijui. Chale si ya kufuata tena. Mpaka nije nisimame pale majini, nipime. Oktoba, bamvua kubwa nyingine, nitakuwa nimefika. Na hata nikipima sitawaapia kwamba bahari itakoma hapo."

Akamsikia Dafrosa anarudi kwa wenzake, hatua kwenye mchanga. "Anasema hajui," aliwaambia. "Anasema anakuja."

Wakajadiliana. Vedasto hakuyapata maneno yote. Kisha sauti ya Bi Somoe ikaja karibu, ya mtu asiyependa kupoteza muda wa kikao.

"Dafrosa apande mkekani, na masuala ya Masasi tusiyasikie tena. Na wewe, mwanangu, nakwambia mapema usije ukaona tumekuonea. Ukifika Oktoba, utakaa nje ya mkeka. Mchangani, kama anavyokaa mtu yeyote wa hapa aliyetupotezea samaki. Mpaka tutakapokuita. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi," alisema Vedasto. "Nitakaa."